Dan Crawford: mutu aliyengojea ufalme huku anajenga

Siku ya yenga, ku Naviundu kama ku kartie zingine za Lubumbashi, wahubiri wengi wanafundisha kama Yesu atanyakua kanisa lake, taabu kubwa itafika duniani, kisha Yeye atatawala miaka 1000. Kati ya watu wa kwanza kuleta mafundisho hayo Katanga kulikuwa misionere Dan Crawford na wenzake.

Alizaliwa Gourock, Scotland, mwaka wa 1870, akaingia katika kundi la Ndugu, kundi ambalo John Nelson Darby alikuwa mumoja wa waanzilishi wake. Darby alifundisha kama Mungu amegawanya historia kwa vipindi, na kama maagano aliyofanya na Abrahamu na Daudi hayakuhamia ku kanisa: yatatimia kwa Israeli katika ufalme unaokuja. Ndiyo maana Ndugu walingojea Bwana siku yoyote, na hawakutia tumaini yao kwa tawala za dunia.

Mwaka wa 1889, akiwa na miaka 18, Crawford alifuata Frederick Stanley Arnot, misionere aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri tangu 1886. Yeye alifika Bunkeya 1890, akakuta ufalme mukubwa, Garenganze. Haikupita hata miaka miwili: tarehe 20 Desemba 1891 watu wa Stairs, waliotumikia Léopold II, walimuua Msiri. Muji ukatawanyika.

Crawford akahamia pembeni ya ziwa Moero, akajenga Luanza. Watu walikusanyika kule, wakamuita Konga Vantu, ni kusema mwenye kukusanya watu.

Sasa, mutu anayeamini kama Bwana anaweza kuja kesho, nyumba za matofali na masomo ni za nini? Crawford alijibu kwa kazi. Alikaa miaka 22 bila kurudia kwao, mpaka 1911. Alitafsiri Agano Jipya katika kiluba, kisha Agano la Kale, kazi iliyomufikisha karibu na kifo. Kungojea hakukumukalisha mikono mitupu.

Usiku mumoja, 1926, aligonga mukono. Kidonda kikaingia sumu, na tarehe 3 Juni akafa. Alizikwa Luanza.

Mpaka leo kanisa lililotoka kwa Ndugu hao linaitwa Garenganze. Ufalme wa Msiri ulianguka, lakini jina lake limebaki kwa watu wanaongojea ufalme mwingine.