Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babaye, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanachuoni mkubwa, alifariki akimwacha mtoto mdogo, naye akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Elimu yake haikuwa ya madarasa na vyeti. Alikaa jamvini mbele ya mwalimu, akakhitimu kitabu, kisha akafungua kingine. Mwanafunzi wa namna hiyo haulizwi amesoma miaka mingapi. Huulizwa amesoma kwa nani.

Mtu wa malezi hayo angalitazamiwa kuipinga skuli. Wazee wengi waliogopa kwamba mtoto akienda huko atapotewa na dini yake, wala hofu hiyo haikuwa bure, kwani skuli nyingi zilikuwa za misheni. Lakini Sheikh, katika gazeti lake la Sahifa, mwaka 1930, kisha katika Al-Islah, mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waishike elimu ya dini pamoja na ya dunia, na binti zao wasiachwe nyuma. Akayalaumu na matumizi makubwa ya harusi na matanga. Hayo hayakuwapendeza wote, hata baadhi ya wenye vilemba.

Mwaka 1932 aliwekwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1947, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanawe Ali, aliyekuwa wa miaka 14 siku hizo, alikuja kuwa profesa Makerere, Kampala.