Madam C. J. Walker: Dobi aliyeuza elimu ya nywele ndani ya kopo la mafuta

WAKULIMA wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaifahamu vizuri salfa, unga wa njano wanaoupuliza kwenye mikorosho kudhibiti ubwiri unga. Zaidi ya miaka 100 iliyopita nchini Marekani, salfa hiyo ikichanganywa na mafuta mgando ilimtoa mwanamke mmoja kwenye karai la kufulia nguo na kumfikisha katika safu ya wafanyabiashara weusi waliojulikana kuliko wote nchini humo.

Alizaliwa Desemba 23, 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa wametumikishwa kama watumwa kwenye shamba la pamba, na yeye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Uhuru huo haukuja na mtaji. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima, na akiwa na 14 aliolewa. Alipofikia umri wa miaka kama 20 alikuwa mjane mwenye mtoto mdogo wa kike, Lelia.

Alihamia St. Louis walikokuwa kaka zake, vinyozi kwa kazi yao. Huko alifua nguo za watu kwa miaka mingi, kwa ujira uliozidi kidogo dola 1 kwa siku. Katika miaka ya 1890 nywele zake zikaanza kunyonyoka hadi vipara vikaonekana.

Hakuwa peke yake, na sababu zinaeleweka. Unywele tunaouona umekwisha kufa. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa na magamba yanayolaliana kama vigae vya paa. Sehemu iliyo hai iko ndani ya ngozi, kwenye kinyweleo. Unywele uliojisokota, kama wa watu wengi wenye asili ya Afrika, una kona nyingi, na kila kona ni mahali pepesi pa kukatikia. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa husafiri kwa shida kuzipita kona hizo, hivyo ncha hubaki kavu. Sabuni kali ya magadi huyainua yale magamba, unyevu ukatoka na unywele ukawa kama jani la mhindi wakati wa ukame.

Nyumba nyingi za maskini enzi hizo hazikuwa na maji ya bomba. Wanawake waliosha nywele kwa nadra, hasa majira ya baridi, na lishe nayo ilikuwa duni. Mba na maradhi ya ngozi ya kichwa yakashika, na unywele hauwezi kustawi juu ya ngozi inayougua, kama mche usivyostawi kwenye udongo mbovu.

Sarah alijaribu dawa kadhaa za dukani. Baadaye akawa wakala wa Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa tayari akiuza dawa za nywele St. Louis. Hapo ndipo alipojifunza biashara. Mwaka 1905 alihamia Denver, akapika na kufua huku akiuza. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, akaanza kuuza dawa yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker, kopo moja senti 50.

Yeye alisimulia kwamba mchanganyiko huo alioteshwa ndotoni. Ni hadithi nzuri ya sokoni, lakini mafuta yenye salfa kwa ajili ya ngozi ya kichwa yalikuwepo kabla yake, na Annie Turnbo hakufurahishwa hata kidogo na ushindani huo. Salfa husaidia kupunguza mba na vijidudu vya ngozi, na mafuta mgando huzuia unyevu usipotee. (Salfa ya mikorosho isipakwe kichwani, si ya kazi hiyo.)

Nguvu yake ilikuwa kwenye huduma iliyoambatana na kopo. Mawakala wake walifundishwa kuosha kichwa mara kwa mara, kukisugua, kupaka dawa kwenye ngozi, kisha kutumia chanuo la moto. Chanuo hilo hakulibuni yeye, ingawa wengi huandika hivyo, na likizidi moto huunguza ile protini. Wapo waliomlaumu kwamba anawafanya weusi waige nywele za Wazungu. Yeye alisisitiza kwamba kazi yake ni kukuza nywele, si kuzinyoosha. Lawama hiyo ina uzito wake, ila mteja aliyepona vipara alikuwa na hesabu yake.

Kwa dobi, senti 50 ilikuwa karibu nusu ya ujira wa siku. Mteja huyo huyo akiwa wakala, kopo hilo lilimwingizia kipato. Mama Walker alizunguka majimbo ya Kusini akionyesha na kufundisha, huku Lelia akituma mizigo kwa posta kutoka Denver. Walifungua chuo Pittsburgh mwaka 1908, na mwaka 1910 makao yakahamia Indianapolis, mji wenye reli nyingi, ambako alijenga kiwanda.

Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi huko Chicago, mwenyekiti Booker T. Washington hakumpa nafasi ya kuzungumza. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa, akaeleza alivyotoka shamba la pamba hadi kumiliki kiwanda. Mwaka uliofuata alialikwa rasmi kuhutubia. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 huko Philadelphia, akawazawadia waliouza sana na pia waliochangia sana jamii zao.

Alifariki Mei 25, 1919 akiwa na miaka 51, kwa maradhi ya figo na shinikizo la damu. Lelia alishika uongozi. Jengo la kampuni lililofunguliwa Indianapolis mwaka 1927, likiwa na kiwanda, saluni, chuo cha urembo na ukumbi wa maonyesho, bado limesimama.