Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Vijana wetu wa Minjila waanzao kusoma sheria hutuuliza: kadhi ana kazi gani palipo na mahakama za serikali? Twawaelekeza kwa Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, akasoma huko na Unguja. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na 1932 Al-Islah, akiandika Kiswahili ili hata mvuvi afahamu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wakoloni waliwaachia makadhi ndoa, talaka na mirathi, na Katiba ya 2010 ingali hapo hapo. Wako wayaonao madogo; sisi hatuwaafiki, kwani humo ndimo mali ya yatima huliwa na ami yake. Ukadhi aliushika mpaka alipofariki mwaka 1947, Mwenyezi Mungu amrehemu.