Kleist Sykes: Mtoto wa Mhamiaji Aliyeandika Habari za Nasaba Yake

Ndugu Waislamu, wakazi wa Bonde la Kilombero mnaielewa vyema maana ya kuhamia. Wandamba na Wapogoro wameishi humo na Wabena, kisha wakaongezeka wafanyakazi wa mashamba ya miwa na wajenzi wa reli ya TAZARA. Katika mji kama Ifakara, si ajabu mtoto kumuuliza mzazi wake: sisi hasa ni watu wa wapi? Kwa sababu hiyo tumeona leo tuyakumbuke maisha ya Marehemu Kleist Sykes, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Inhambane, Msumbiji. Hakuletwa na biashara wala kutafuta elimu, bali alikuja akiwa askari wa Wajerumani, katika jeshi aliloliunda Hermann von Wissmann mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa Abushiri. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Angali mdogo, baba yake alizama Mto Ruaha akirejea kutoka vita dhidi ya Mkwawa. Mto huo ndio upitao Kidatu, mlangoni mwa Bonde la Kilombero.

Yatima huyo alilelewa na Effendi Plantan, aliyetoka Inhambane pamoja na marehemu baba yake. Hapa pana funzo la kwanza: wageni wale walikuwa ndugu wao kwa wao, na mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote.

Kleist naye alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaajiriwa katika shirika la reli chini ya Waingereza. Dar es Salaam ya zama zile ilipambanua wenyeji na watu wa kuja. Yeye hakungoja kupewa uenyeji, bali aliutafuta kwa kuwatumikia watu. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwasisi wa African Association, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoshughulikia elimu ya watoto wa Kiislamu.

Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Mjukuu wa askari wa mkoloni akasimama katika safu ya wanaodai uhuru.

Haya tunayajua kwa kuwa Kleist aliacha maandishi ya maisha yake, na mjukuu wake Daisy akayatumia kuandika sura iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Ukoo haukuificha bunduki ya babu, wala haukuona haya kwa asili yake ya ugenini.

Basi wazazi, Mola wetu ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Kaeni na wazee wenu kabla hawajaondoka, muandike walikotoka, yaliyo mazuri na yaliyo machungu, kwani mtoto asiyejua nasaba yake atawaungaje jamaa zake?

Wabillahi tawfiq.