Gardner Fox, mwandishi aliyewaketisha mashujaa kwenye meza moja

Sinema za leo zimetuzoesha kuona mashujaa wengi wakiungana dhidi ya adui mmoja. Batman, Flash na Wonder Woman wanajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kufungua gazeti la katuni. Lakini wazo la kuwaita mashujaa wa hadithi mbalimbali, kuwaketisha kwenye meza moja na kuwagawia kazi lilianza mahali fulani, na mtu aliyeliandika kwa mara ya kwanza katika magazeti hayo alikuwa Gardner Fox wa New York. Hakuwa mchoraji. Kazi yake yote ilikuwa maneno: kueleza kwa mashine ya chapa mchoraji achore nini katika kila picha, na mhusika aseme nini ndani ya kiputo. Kwa hiyo maisha yake yanatuhusu sisi tunaosoma lugha, hasa kwa vile jina lake lilibaki nyuma wakati wahusika wake walipokuwa wakitangulia mbele.

Mwanasheria asiyekaa mahakamani

Gardner Francis Cooper Fox alizaliwa Brooklyn tarehe 20 Mei 1911. Alipokuwa na miaka kama 11 alipewa zawadi ya riwaya za Edgar Rice Burroughs kuhusu sayari ya Mars, na tangu hapo hakuacha kusoma hadithi za mbali: za nyota, za falme za kale, za miungu ya mataifa yaliyokwisha. Hata hivyo alisomea sheria katika chuo cha St. John's, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili katika jimbo la New York mwaka 1935.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na uwakili haukumlipa vizuri. Mwaka 1937 alianza kumwandikia Vin Sullivan, mhariri wa magazeti ya katuni katika kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa DC. Magazeti hayo yaliuzwa senti kumi, yakichapishwa kwa rangi kwenye karatasi hafifu. Mwandishi alilipwa kwa ukurasa. Akishapokea hundi yake, hadithi na wahusika wote waliomo vilikuwa mali ya kampuni.

Fox aliandika kwa kasi, lakini hakuandika ovyo. Alikuwa na tabia ya kukusanya maarifa. Makabati yake na dari ya nyumba yake vilijaa vitabu, magazeti na karatasi alizokata kuhusu historia, sayansi na silaha za kale. Akiba hiyo ilionekana haraka katika kazi yake. Mwaka 1939 alipewa Batman, ambaye alikuwa na hadithi mbili tu zilizokwisha kuchapishwa. Fox akamvalisha mkanda wenye vifaa, na muda mfupi baadaye akampa silaha ya kurusha yenye umbo la popo, inayofanya kazi kama bumerangi ya wenyeji wa Australia. Batman hana nguvu zisizo za kawaida, kwa hiyo alihitaji vitu vya mkononi, na mpaka leo hakuna anayemchora bila mkanda ule.

Januari 1940 gazeti la Flash Comics lilitoka na wahusika wawili wa Fox kwa mpigo. Wa kwanza, Flash, aliyechorwa na Harry Lampert, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayepata mbio za ajabu baada ya kuvuta mvuke maabarani, na kofia yake ya chuma yenye mabawa ilitoka kwa mungu Mercury wa Waroma. Wa pili, Hawkman, aliyechorwa na Dennis Neville, alikuwa mwana wa mfalme wa Misri ya kale aliyezaliwa upya. Mwaka huohuo akamleta Doctor Fate, mchawi mwenye asili ya hekaya za Mashariki ya kale.

Meza ya mwaka 1940

Mwishoni mwa mwaka 1940 Fox na mhariri Sheldon Mayer walitoa toleo la tatu la All Star Comics. Mpaka wakati huo gazeti hilo lilikuwa mkusanyiko wa kawaida: hadithi ya shujaa huyu, kisha ya yule, bila uhusiano. Katika toleo hilo mashujaa wanane, wakiwemo Flash, Hawkman, Doctor Fate na Green Lantern, walionekana wamekaa pamoja mezani kama kundi lililoitwa Justice Society of America, yaani Chama cha Haki cha Marekani. Kila mmoja alisimulia kisa chake, na kila kisa kilichorwa na mchoraji wa shujaa huyo. Mashujaa hao walitoka katika kampuni mbili zenye ushirika wa kibiashara, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuwaona pamoja.

Kwa msomaji wa leo toleo hilo linaweza kuonekana la kawaida, maana mashujaa hawapigani bega kwa bega. Wanakula, wanataniana na kusimuliana. Lakini hapo ndipo mambo yalipobadilika. Shujaa aliyekuwa peke yake katika dunia yake sasa alikuwa na wenzake wanaomsikiliza. Katika toleo lililofuata walipewa kazi moja: kupambana na mtandao wa wahujumu ndani ya Marekani. Fox akapata umbo alilolitumia kwa miaka. Mwanzoni kundi linakutana na kusikia hatari. Katikati linagawanyika, kila mmoja akienda upande wake. Mwishoni linakutana tena na kumkabili adui mkuu. Umbo hilo lilimsaidia mchapishaji, kwa kuwa wachoraji kadhaa wangeweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, na lilimsaidia mtoto msomaji, ambaye alimngojea shujaa wake sura baada ya sura.

Chama hicho kilikuwa na kanuni zake. Shujaa aliyepata gazeti lake mwenyewe alitoka na kuwa mwanachama wa heshima. Kanuni hiyo ilikuwa ya kibiashara: nafasi iachiwe anayehitaji kutangazwa. Wonder Woman alipokaribishwa alipewa kazi ya ukatibu, jambo linaloonyesha jinsi wanaume wa wakati ule walivyomfikiria mwanamke hata akiwa na nguvu kuliko wao. Fox alikuwa mtu wa zama zake katika hilo. Upande mwingine, wakati wa vita aliwatuma mashujaa wake kupeleka chakula kwa watu wa nchi za Ulaya zilizokaliwa na majeshi ya Hitler, na mwaka 1945 aliandika hadithi nzima kuhusu haki ya watoto wenye ulemavu kupata nafasi katika jamii.

Kutoka chama hadi ligi

Fox aliacha kuandika All Star Comics mwaka 1947, na mwaka 1951 kundi hilo likatoweka. Baada ya vita wasomaji waliwachoka mashujaa wenye mavazi ya rangi, wakataka hadithi za mapenzi, za polisi na za kutisha. Mwaka 1954 magazeti ya katuni yalishutumiwa hadharani kwamba yanawaharibu vijana, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kuyachuja. Fox aliendelea kuishi kwa kalamu. Aliandika hadithi za wachunga ng'ombe, za sayansi, na riwaya za kihistoria, nyingine kwa jina lake na nyingine kwa majina ya bandia kama Jefferson Cooper.

Mhariri Julius Schwartz alipoanza kuwafufua mashujaa wa zamani kwa sura mpya, alimrudia Fox. Mapema mwaka 1960, katika toleo la 28 la The Brave and the Bold, lilitokea kundi jipya: Justice League of America, likichorwa na Mike Sekowsky. Adui wao wa kwanza alikuwa kiti cha pwani mkubwa kutoka angani. Umbo la hadithi lilikuwa lilelile la kukutana, kugawanyika na kukutana tena, ila sasa walikwenda wawiliwawili au watatuwatatu. Superman na Batman walikuwemo, lakini kwa nafasi ndogo, kwa sababu wahariri wao hawakutaka watumiwe mno nje ya magazeti yao.

Tuangalie jina. Schwartz ndiye aliyebadilisha neno la zamani, kwa kuwa aliona society ni neno baridi, la watu wanaokutana kunywa chai, wakati league lilikuwa tayari midomoni mwa vijana kupitia mchezo wa besiboli. Wahusika ni karibu walewale na kazi ni ileile, lakini neno moja likaleta hewa ya ushindani na ujana. Anayezungumza Kiswahili anaelewa hilo bila shida, maana kwetu pia neno ligi linamkumbusha mtu mpira kabla ya kumkumbusha jambo lingine lolote. Gazeti la kundi hilo liliuzwa vizuri, na kampuni shindani ya Marvel ikafuata haraka kwa makundi yake.

Dunia mbili na waovu walioungana

Lilibaki swali: mashujaa wa zamani walikwenda wapi? Septemba 1961, katika toleo la 123 la The Flash lililochorwa na Carmine Infantino, Fox alijibu. Flash mpya, Barry Allen, anatetemesha mwili wake kwa kasi mpaka anapenya hadi dunia nyingine, na huko anamkuta Flash wa zamani, Jay Garrick, ambaye kwake ni mhusika wa magazeti aliyoyasoma utotoni. Wahalifu watatu wameungana katika mji wa Garrick, na Flash wawili wanaungana dhidi yao. Barry Allen anaeleza pia kwamba aliyeandika magazeti yale ni mtu aitwaye Gardner Fox, ambaye huenda akili yake iliinasa dunia ile usingizini. Katika miaka ambayo mara nyingi majina ya waandishi hayakuchapishwa juu ya hadithi, Fox alipata mahali pa kuliweka jina lake: ndani ya hadithi yenyewe.

Mwaka 1963 alikwenda mbali zaidi. Katika Justice League of America toleo la 21 na la 22, wahalifu watatu wa dunia ya kwanza wanakula njama na watatu wa dunia ya pili. Mpango wao ni rahisi: kila kundi linaiba kwake na kwenda kujificha kwa wenzake, ambako hakuna anayelijua. Waovu wakishirikiana kuvuka mpaka, walinzi hawana budi kuuvuka pia, na hapo kundi la 1940 na la 1960 yakakutana. Mwaka uliofuata Fox akabuni dunia ya tatu, ambamo historia imepinduliwa: Columbus ni Mmarekani aliyeivumbua Ulaya, na watu wenye nguvu za mashujaa wote ni majambazi. Wavulana waliozisoma hadithi hizo walijifunza, pengine bila kujua, kwamba historia ni simulizi ambalo lingeweza kusimuliwa kwa upande mwingine.

Waandishi walipoungana

Fox aliandika matoleo yote ya Justice League kuanzia la kwanza hadi la 65, la Septemba 1968. Kazi hiyo ilikoma katika kipindi ambacho waandishi kadhaa wa kampuni, akiwemo yeye, Bill Finger na Arnold Drake, waliungana kuomba bima ya afya na masharti bora ya malipo. Walikuwa watu wazima wenye familia, na wengine walikuwa wameitumikia kampuni kwa miaka karibu 30. Hawakupata walichoomba. Mmoja baada ya mwingine kazi zao zikapungua, na vijana wakachukua nafasi zao. Fox alikuwa na miaka 57.

Mtu aliyefundisha watoto kwa miaka mingi kwamba meza moja inamshinda adui yeyote aliona meza yake mwenyewe ikivunjwa. Katika hadithi zake kila aliyeketi mezani alikuja na nguvu zake na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Waandishi wale walikuja mezani mikono mitupu, kwa kuwa Flash, Hawkman na ligi nzima vilikuwa mali ya upande wa pili.

Hakuacha kuandika. Alifanya kazi kidogo Marvel mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akarudi kwenye riwaya, zikiwemo za mashujaa wa panga, Kothar na Kyrik. Jumla ya riwaya zake inapita 100, na hadithi zake za katuni huhesabiwa kwa maelfu. Karatasi zake nyingi alizikabidhi Chuo Kikuu cha Oregon, ambako wanafunzi wanaweza kusoma miswada yake kama inavyosomwa ya mwandishi mwingine yeyote. Kwa mwanasheria wa zamani huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana wahusika hawakuwa wake, lakini ushahidi wa kazi aliuhifadhi.

Alifariki tarehe 24 Desemba 1986, mwaka uleule ambao kampuni ilimaliza mfululizo uliozifuta dunia zake nyingi na kuzifanya moja. Mwaka 1999 aliingizwa kati ya waheshimiwa wa tuzo za Eisner, miaka 13 baada ya kufa. Dunia zilizofutwa zimerudishwa tangu wakati huo, kwa sababu waandishi waliomfuata hawakuweza kufanya kazi bila hizo.