Ibn Majid: Mwalimu wa bahari aliyebebeshwa lawama ya Vasco da Gama

UKILITAJA neno rubani hapa Eldoret, wengi watainua macho kutafuta ndege inayoshuka katika uwanja wetu wa kimataifa. Kumbe neno lenyewe lilizaliwa baharini. Kabla ya ndege kuwepo, rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo cha tanga, na katika Bahari Hindi ni wachache mno waliovuma kama Ahmad ibn Majid.

Sisi tunaoishi mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita 800 kutoka Mombasa kwa barabara, huenda jina hilo tulilisikia mara moja tu, tena kwa ubaya. Ati ndiye Mwarabu aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, akawafungulia Wareno mlango wa pwani yetu. Hiyo ni lawama nzito kwa mtu aliyekufa yapata miaka 500 iliyopita. Hebu tumfuate tangu mwanzo, tuone kama anaistahili.

Ibn Majid alizaliwa Julfar, mji wa bandari uliokuwa mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah, katika Falme za Kiarabu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba alizaliwa kati ya miaka ya 1420 na 1430 na kitu. Babu yake alikuwa mwalimu wa bahari. Baba yake pia.

Usifikirie chaki na ubao. Kwa mabaharia wa Kiarabu, mwalimu alikuwa mjuzi wa nyota, pepo na njia za majini. Nahodha alisimamia watu na mali, lakini usiku nchi kavu ikishapotea machoni, mwalimu ndiye aliyejua chombo kiko wapi.

Baba yake alitunga shairi refu la kuwaelekeza mabaharia katika Bahari ya Shamu, ambayo imejaa miamba ya kupasua vyombo. Kijana alilisoma, akasafiri njia zile zile, kisha akafanya jambo ambalo si rahisi kwa mtoto yeyote: alisahihisha makosa ya mzee wake. Heshima ilikuwepo, lakini ukikosea mahali mwamba ulipo, watu wanazama.

Kazi yenyewe aliifanya kwa vifaa ambavyo leo tungevidharau. Alikuwa na dira, na alikuwa na kibao kidogo cha mti kilichofungwa kamba yenye mafundo. Baharia alibana kamba kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya jicho, akapima nyota imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Kipimo chake kilikuwa kidole, na kidole kimoja ni kama digrii moja na nusu hivi. Kwa hesabu hiyo ya vidole, mwalimu alijua ameenda kaskazini au kusini kiasi gani.

Lakini nyota peke yake haisukumi chombo. Kinachosukuma ni upepo, na hapo ndipo penye siri ya pwani yetu.

Pwani ya Afrika Mashariki ina joto mwaka mzima. Maji hayagandi, na wavuvi wa Lamu au Pemba hutoka na mashua zao katika kila msimu. Mtu wa bara anaweza kudhani kwamba basi ukitaka kwenda India, unatweka tanga siku yoyote na safari inaanza. Thubutu!

Kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki na kuleta vyombo vya Arabuni na India. Kuanzia Aprili mambo hugeuka, kusi ikaanza kuvuma kutoka kusini na kuvirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari kuu huchafuka hata bandari za magharibi mwa India zikawa kama zimefungwa. Aliyechelewa kuondoka alikaa bandarini miezi akisubiri. Ni kama mkulima wa mahindi hapa Uasin Gishu: shamba lipo mwaka mzima, lakini mvua ya Machi na Aprili ikikupita, utaona mwenyewe wakati wa kuvuna.

Ibn Majid aliijua kalenda hii ya pepo, na tofauti yake na wengine ni kwamba aliiandika. Katika maisha yake alitunga kazi zipatazo 40, nyingi zikiwa mashairi, kwa sababu shairi linakaa kichwani hata karatasi ikilowa. Moja linaeleza njia ya kwenda Sofala, kusini kabisa mwa pwani yetu, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji.

Kazi yake kubwa, Kitab al-Fawaid, aliikamilisha karibu mwaka 1490. Ina sehemu 12. Humo ameeleza nyota, dira, njia, majira ya kung'oa nanga, na dalili za kukaribia nchi kavu, kama vile ndege wa aina fulani au nyoka wa baharini wanaoonekana karibu na pwani ya India. Ameorodhesha visiwa 10 vikubwa alivyovijua, na Zanzibar ni kimojawapo.

Unyenyekevu haukuwa sifa yake. Aliwataja mabingwa watatu wa zamani, kisha akajihesabu mwenyewe kuwa wa nne. Wengine wakaja kumpa jina la Simba wa Bahari. Wapo pia waliompa sifa ya kuvumbua dira, jambo ambalo si kweli, maana dira ilitumika karne nyingi kabla yake.

Sasa turudi Malindi.

Vasco da Gama alifika huko Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama wake na Mombasa, alimpa rubani. Waliondoka Aprili 24, kusi ikianza, na Mei 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Chini ya mwezi mmoja.

Rubani huyo alikuwa nani? Waandishi wa Kireno wa karne ya 16, akiwemo João de Barros, walisema alikuwa mtu wa Gujarati, India. Jina waliloandika, Malemo Cana, si jina la kuzaliwa. Malemo ni mwalimu, yaani cheo cha kazi. Kwa hivyo Wareno wenyewe hawakumtaja Ibn Majid.

Aliyemtaja ni mwanahistoria wa Makkah, Qutb al-Din al-Nahrawali, ambaye hakuwa amezaliwa safari hiyo ilipofanyika. Alidai kwamba Wareno walimlevya Ibn Majid, naye akawapa siri ya njia. Katika miaka ya 1920, mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand aliunganisha dai hilo na rubani wa Malindi, na hadithi ikasambaa vitabuni. Baadaye wataalamu waliochambua maandishi ya Ibn Majid mwenyewe, kama G. R. Tibbetts na Ibrahim Khoury, waliona haina msingi. Mwaka 1498 alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, na hakuna ushahidi wa wakati huo unaomweka Malindi.

Tena, siri gani? Njia ya Malindi hadi India ilikuwa ikitumiwa na wafanyabiashara kwa karne nyingi. Mwalimu yeyote mzoefu bandarini pale angeweza kuongoza safari ile mwezi wa Aprili.

Ushahidi bora ni safari ya kurudi. Da Gama aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Njia aliyoivuka chini ya mwezi sasa ilimchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Waliosalia walikuwa wachache mno kuendesha merikebu zote, ikabidi moja ichomwe moto. Bahari ilikuwa ile ile na joto lilikuwa lile lile. Kilichokosekana ni majira.

Maandishi ya mwisho ya Ibn Majid tunayoyajua ni ya mwaka 1500 hivi, na inaaminika alikufa muda mfupi baadaye. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa, kisha wakaipora na kuiteketeza Mombasa. Watu waliopoteza makwao walihitaji mtu wa kulaumu, na jina kubwa huvuta uvumi kwa urahisi. Siku hizi tunafanya hivyo hivyo kwa simu: tunasambaza kwanza, kuuliza baadaye. Yeye uvumi huo umemfuata karne kwa karne, wala hayupo wa kujitetea.

Ukitaka kukutana naye, huna haja ya kupanda basi la Mombasa. Kati ya Januari na Machi, usiku mawingu yakiwa yametawanyika, toka nje ya mji mbali na taa utazame kusini. Nyota inayong'aa sana huko, ya pili kwa mng'aro katika anga lote, ni Suheli. Ibn Majid aliipima kwa vidole vyake usiku baada ya usiku, akaandika alichokiona.