Robert Bunsen, mwanakemia aliyetambua elementi kwa rangi za moto

Wanafunzi wa kemia mjini Bujumbura, iwe Gihosha au Buyenzi, hulifahamu jina la Robert Bunsen kupitia taa ya gesi ya maabara. Ni wachache wanaojua kwamba kazi yake inagusa pia bei ya madini yanayochimbwa Burundi.

Bunsen alizaliwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1811. Akiwa bado kijana, mlipuko wa kemikali yenye aseniki ulimpofusha jicho la kulia, na sumu yake nusura imuue. Hata hivyo hakuiacha maabara. Mwaka 1852 alianza kufundisha Heidelberg, na miaka mitatu baadaye, kwa ustadi wa fundi Peter Desaga, akapata taa yenye mwali safi, karibu usio na rangi. Hakuichukulia hataza.

Usafi wa mwali huo ndio uliofungua njia. Mwaka 1859, yeye na mwanafizikia Gustav Kirchhoff walipitisha mwanga wa chumvi zilizounguzwa katika kioo cha pembetatu, wakaona kwamba kila elementi hutoa mistari yake ya rangi isiyofanana na ya nyingine. Mwaka uliofuata, mistari ya buluu katika maji ya chemchemi ya Dürkheim iliwafunulia sesiamu, elementi ambayo haikuwa imejulikana. Mwaka 1861 wakatangaza rubidiamu.

Mwanga ulieleza kilichomo, lakini haukueleza ni kiasi gani. Ili kupata jibu, Bunsen alichemsha zaidi ya lita 44,000 za maji hayo, akaambulia takriban gramu saba za kloridi ya sesiamu. Ukigawanya, kila lita ilikuwa na takriban moja ya sita ya miligramu.

Leo hesabu hiyo haihitaji bahari ya maji. Maabara hupima kwanza miyeyusho ambayo kiwango chake kinajulikana, huchora mstari wa ulinganisho, kisha husoma sampuli kwenye mstari huo. Tuchukue mfano: gramu 0.2 za jiwe zimeyeyushwa hadi mililita 100, na kipimo kikaonyesha miligramu 20 kwa lita. Mililita hizo 100 zina miligramu mbili za elementi. Katika miligramu 200 za jiwe, hiyo ni asilimia moja.

Asilimia moja si jambo dogo: katika tani 1,000 ni tani kumi. Gakara, kusini mashariki mwa Bujumbura, kuna madini adimu yenye neodimiamu na praseodimiamu, elementi mbili ambazo mwanafunzi wa Bunsen, Carl Auer von Welsbach, alizitenganisha mwaka 1885 akiongozwa na mistari ya mwanga. Burundi ilianza kusafirisha makinikia ya Gakara mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji huo, ikidai taifa halipati haki yake. Katika biashara ya namna hiyo, muuzaji asiyeweza kujipimia mzigo wake hulazimika kuamini vipimo vya mnunuzi.

Bunsen hakuoa wala hakutafuta utajiri kwa uvumbuzi wake. Alistaafu mwaka 1889 na kufariki Heidelberg tarehe 16 Agosti 1899, akiwa na umri wa miaka 88.